Serivisi Nasionali: Tuhesabu Watu, Hapana Magunia Tu

Wandugu, Serivisi Nasionali ilianzishwa mwaka 1997, wakati wa Mzee Laurent-Désiré Kabila. Miaka hii wanapeleka Kaniama-Kasese hata bakuluna wa Kinshasa, wajifunze kulima na kujenga. Wazo ni zuri. Shida ni hesabu: kila mavuno tunaonyeshwa mahindi. Mutu aliyemaliza anarudia wapi? Na jembe gani, mbegu gani, shamba la nani? Mahindi yanachukua karibu miezi mine, lakini mulimaji anachukua miaka. Huku Moba, udongo wa Marungu unazaa, na sisi maagronomu tunakaa bure. Watuweke kwenye vituo, tufundishe. Na kila kijana akimaliza, apate hekitari moja kwao, yenye karatasi ya chefu na ya serikali. Bila hiyo, amelimia wengine tu.