Idadi ya Marejeleo na Uzito wa Hoja: Uhakiki wa Mapokezi ya Makala ya Kao na Hockham (1966)

Makala ya Charles K. Kao na George A. Hockham kuhusu upitishaji wa mwanga katika nyuzi za kioo, yaliyochapishwa Julai 1966 katika jarida la Taasisi ya Wahandisi wa Umeme ya Uingereza, hutajwa takribani katika kila historia ya fotoniki. Kwa sababu hiyo, ni rahisi kuichukulia idadi ya marejeleo yake kuwa kipimo cha mchango wa Kao. Uhakiki huu unaupinga mtazamo huo. Marejeleo hayo yanaonesha zaidi desturi ya waandishi ya kutambua chimbuko la taaluma yao kuliko njia ambayo hoja yenyewe ilipitia hadi ikakubalika.

Hoja hiyo ni ipi? Wakati Kao na Hockham wakifanya kazi katika maabara ya Standard Telecommunication Laboratories mjini Harlow, nyuzi za kioo zilizokuwapo zilipoteza mwanga kwa takribani desibeli 1,000 kwa kilometa. Kwa kiwango hicho, baada ya mita 20 tu hubaki asilimia 1 ya mwanga ulioingizwa. Ili simu zipitishwe kwa faida, asilimia hiyo 1 ilipaswa kubaki baada ya kilometa nzima, yaani upotevu usiozidi desibeli 20. Wengi waliutazama umbali kati ya tarakimu hizo mbili wakakata tamaa. Kao aliuliza swali jingine: ni kitu gani ndani ya kioo kinachoumeza mwanga? Jibu lake lilikuwa kwamba tatizo si kioo chenyewe bali uchafu uliomo, hususan ioni za chuma, na kwamba uchafu huweza kuondolewa.

Inafaa kuzingatia kwamba sehemu kubwa ya makala hayo ni nadharia ya mawimbi, eneo ambalo Hockham alilishughulikia zaidi. Maelezo kuhusu upotevu ndani ya kioo ni mafupi, tena ni ubashiri. Hakuna kipande cha kioo kilichooneshwa kuufikia usafi uliodaiwa. Hivyo basi, mwandishi anayeyarejelea kuwa yalithibitisha uwezekano wa nyuzi zenye upotevu mdogo anayapa sifa isiyo yao. Ushahidi ulikuja baadaye, katika vipimo ambavyo Kao alivifanya pamoja na T. W. Davies na M. W. Jones na kuvichapisha mwaka 1968 na 1969. Kazi hiyo ilikuwa ngumu: katika kipande kifupi cha kioo safi mwanga unaopotea ni mdogo kiasi kwamba hufichwa na kasoro za kifaa cha kupimia, na ilibidi kitengenezwe kifaa kinacholinganisha miali miwili. Silika iliyoyeyushwa ilionekana kupoteza chini ya desibeli 10 kwa kilometa. Kisayansi, vipimo hivi ndivyo vilivyobeba hoja. Katika kumbukumbu za taaluma vimebaki kivulini mwa makala ya 1966.

Aidha, ushawishi wa Kao ulisafiri kwa mdomo. Alizitembelea maabara na watengenezaji wa kioo katika nchi mbalimbali akiwashawishi. Kampuni ya Corning ya Marekani ilizipata habari za hitaji hilo kupitia Posta ya Uingereza, na mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wakapata uzi wenye upotevu wa desibeli 17, kwa kutumia silika badala ya kukisafisha kioo cha kawaida. Mazungumzo ya namna hiyo hayaingii katika faharasa ya marejeleo ya sayansi aliyoianzisha Eugene Garfield mwaka 1964, ambayo huhesabu kinachorejelewa katika majarida.

Lipo pia jambo alilolieleza Robert K. Merton: wazo likishakuwa mali ya wote, hakuna anayemtaja mwenyewe. Wahandisi waliouleta mkongo wa SEACOM hadi Mombasa na Dar es Salaam Julai 2009 hawakuhitaji kumrejelea Kao. Takribani miezi mitatu baadaye alitunukiwa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kwa kipimo cha marejeleo, mkongo huo si kitu.

Kipimo alichokipendekeza J. E. Hirsch mwaka 2005 hakiondoi kasoro hii, kwa kuwa makala moja iliyobadilisha taaluma nzima huongeza alama 1 tu, hata ikirejelewa mara elfu. Mtahini atakayempima Kao kwa kipimo hicho atakuwa amepima wingi wa kazi zake zilizozoeleka. Na kuhusu Hockham, hesabu ya marejeleo humpa sawasawa na mwenzake kwa makala hayo, ilhali Kamati ya Nobel haikumpa chochote; swali la nani kati yao aliandika nini hujibiwa kwa kuyasoma makala yenyewe, kurasa zake nane.