Uhakiki wa Lebo

Nilipokuwa nasomea ualimu, mwalimu wetu wa fasihi alikuwa na kawaida moja iliyotuudhi. Kabla hajaturuhusu kusema neno juu ya kitabu chochote, alitutaka kwanza tukigeuze, tusome jalada la nyuma, kisha ukurasa ule wenye mwaka na jina la mchapishaji, ndipo tufungue sura ya kwanza. Baadaye, nilipokuwa mwalimu mkuu, nami niliwasumbua watoto wa watu kwa kawaida hiyohiyo. Kwa hiyo msomaji asishangae nikimwambia kwamba maandishi ninayokusudia kuyahakiki leo si riwaya wala diwani, bali ni lebo iliyobandikwa ubavuni mwa kisanduku cha bati. Na kwamba aliyeshindwa kuisoma ni mimi.

Mjukuu wangu, ninayekaa naye hapa Kiembe Samaki, hupata riziki yake kwa kupiga na kuhariri filamu za harusi. Mashine yake ilikuwa Dell OptiPlex 7010, kompyuta ya mezani ya aina iliyotoka mwaka 2012, iliyotumika ofisini kwanza kabla ya kutufikia sisi kwa mtumba. Kwa barua na hesabu haikuwa na kasoro. Kwa filamu ilikuwa mateso: picha zilikwama, na kazi ya saa moja ilikwenda usiku kucha. "Babu," aliniambia, "prosesa bado nzima. Kinachokosekana ni kadi ya grafiki."

Nikampa fedha. Akavuka kwenda Dar es Salaam, akarudi na kadi iliyokwishatumika, RX 580, yenye feni mbili, na kweli ilipendeza macho. Fundi akatuonya kwamba kadi ile haiwezi kulishwa na paua saplai ya asili ya mashine, ambayo ni ya wati 275, wala haina waya wa kuichomekea. Hapo ndipo nilipotia mkono wangu. Dukani palikuwa na saplai mbili. Moja nyeusi, nzito, haina urembo wowote. Ya pili nyepesi, feni yake inawaka taa za rangi, ubavuni imeandikwa 500W kwa tarakimu kubwa kama za jezi ya mpira, na bei yake haikufika nusu ya mwenzake.

"Chukua hiyo," nilisema. "Hicho ni kisanduku cha umeme tu."

Usiku wa nne mashine ilizimika yenyewe. Akaiwasha, ikazimika tena. Mara ya tatu ulisikika mlio mdogo kama wa njiti ya kiberiti, ikafuata harufu ya kuungua. Mazabodi, yaani ule ubao mkuu, ilikufa, na kadi ikafa nayo. Ndani ya diski mlikuwa na harusi ya binti wa jirani yetu, na katika harusi hiyo alikuwamo bibi yake bi harusi, amekaa jamvini akipiga vigelegele. Bibi huyo tulimzika wiki mbili baada ya sherehe. Nakala nyingine haikuwapo, kwani kadi za kamera zilikwisha kufutwa kwa ajili ya harusi iliyofuata. Kijana hakulala, wala mimi sikulala. Asubuhi tuliibeba diski kama mtu abebavyo mayai, fundi akaichomeka katika mashine nyingine, ikafunguka. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, hata watu wakageuka.

Baada ya hapo ndipo nilipovaa miwani nikaketi na kile kisanduku.

Kichwa cha habari kinasema wati 500. Chini yake, kwa herufi za chungu, mna jedwali lenye mistari ya volti 3.3, volti 5 na volti 12, na kila mmoja una ampea zake. Msomaji asiyejua mambo haya, kama nilivyokuwa, aelewe kwamba vilaji wakubwa wawili wa kompyuta, prosesa na kadi ya grafiki, karibu chakula chao chote hukipata katika mstari wa volti 12. Kwenye lebo yangu mstari huo ulikuwa na ampea 18. Volti mara ampea ni wati, na 12 mara 18 ni 216. Nilijumlisha na mistari mingine, ambayo wale wawili hawana haja nayo, na bado sikuifikia 500. Kadi ya RX 580 ikifanya kazi kwa nguvu hutaka wati 185. Prosesa yetu, Core i5-3470, imekadiriwa wati 77. Jumla ni 262, diski na feni hazijahesabiwa. Tulialika wageni 262 kwa pilau ya watu 216.

Hukumu yangu juu ya maandishi haya ni kwamba ubaya wake umo katika mpangilio. Ukweli haukufichwa, uliwekwa mahali ambapo mnunuzi hafiki, na kichwa cha habari kikaukana. Nilipokwenda kuisoma lebo ya ile nyeusi, niliona juu 450W, na katika mstari wa volti 12 ampea 37. Zidisha: 444. Kichwa na mwili vinapatana. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu, lakini dukani siku ile kibaya ndicho kilichojiuza, tena kwa taa za rangi, na kizuri kilikaa kimya rafuni kwa uzito wake wa koili na kapasita.

Kosa langu lina historia. Sisi wa Unguja tumefundishwa kuuogopa umeme wa nje. Tangu mwaka 1980 tulitegemea waya mmoja wa baharini kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwaka 2008 tulikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 miezi mitatu. Waya mpya ulikuja mwaka 2013. Kwa hiyo nyumba nyingi zina stabilaiza, na mtu huchomoa friji umeme ukianza kuchezacheza. Hata kompyuta ya mjukuu wangu ilikuwa na stabilaiza nzuri, niliyoinunua mimi. Haikunipitikia kwamba hatari yaweza kuwa ndani ya mashine, nyuma ya mlango niliokuwa nikiulinda.

Ndani ya boksi mlikuwa pia na karatasi ya maelezo kwa lugha nyingi, Kiswahili hakimo. Kiunguja chetu ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutuletea Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo naisifu, ila ilihusu yanayoonekana katika kioo. Neno "paua saplai" halinisumbui hata kidogo. "Fyuzi" na "betri" nazo ziliingia hivyohivyo. Linalonisumbua ni jedwali lisilo na mtu wa kulieleza pale linapouzwa.

Safari ya pili tulipunguza tamaa. Mazabodi ilikuwa ya mtumba tena, na kadi ikawa GTX 1650, ya aina isiyohitaji waya wa pembeni, kwa kuwa haizidi wati 75 ambazo tundu lenyewe laweza kutoa. Fundi alisema kwa kadi hiyo huenda hata saplai ya asili ingetosha. Mimi, niliyekwisha kuungua, nikainunua ile nyeusi. Filamu ilifika kwa wenyewe ikiwa imechelewa wiki tano, na mama wa bi harusi aliomba kipande cha vigelegele kirudiwe mara mbili.

Juzi kijana wa mtaa wa pili alinijia barazani na picha ya boksi katika simu yake. "Maalim, hii nzuri?" Ilikuwa imeandikwa 600W, na nyuma ya tarakimu wamechora moto. Nikamwomba arudi dukani, aligeuze boksi, anipigie picha ya upande wa pili.