Furaha ya Mnyonge katika Siku Njema

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora usiishie kwenye umaskini. Wanafunzi wangu wa Jericho, Nairobi, walimwita Kongowea Mswahili "fukara wa kuhurumiwa" tu. Mmoja akapinga: "Mwalimu, hata sisi kodi hutushinda, lakini Jumapili pale Camp Toyoyo tunacheka." Uhakiki ukaanzia hapo. Yatima huyu aliyetoka Tanga kumtafuta babake Kenya hana mali. Ana kumbukumbu ya mamake, mwimbaji wa taarabu, ana marafiki na kipaji cha uandishi. Hata hivyo, usidai kwamba ameridhika na dhiki. Angeridhika, hangefunga safari. Furaha humpa nguvu ya kuikataa dhiki. Thibitisha hoja zote mbili.