Kolamu za polima: sifa zimejaa, tahadhari ziko wapi?



Kila nikisoma juu ya kolamu za polima katika kromatografia ya kimiminika nakuta sifa tupu: hazifi kwa asidi, hazifi kwa besi, ati mwisho wa silika umefika. Sisemi sifa hizo ni za uongo. Nasema zimekatwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayotutia hasarani.

Kwanza jina lenyewe. Wapo wanaoandika "nguzo". Jamani, nguzo hubeba paa! Hichi ni kibomba cha chuma kilichoshindiliwa chembe ndogo ndogo. Sampuli inapita ndani yake na viambato vinatoka kimoja baada ya kimoja. Mie nasema kolamu, mpaka tupate jina lililo bora.

Sasa tuwe waadilifu. Silika ya kawaida inataka pH baina ya 2 na 8 hivi. Ukipanda zaidi inaanza kuyeyuka, ukishuka sana minyororo iliyobandikwa juu yake inakatika. Polistaireni iliyofungwa kwa divinilibenzini inastahamili kutoka 1 mpaka 13. Na historia yake si haba: Moore wa kampuni ya Dow aliitumia mwaka 1964 kupanga molekuli kwa ukubwa, kisha Small, Stevens na Bauman, wa kampuni hiyo hiyo, wakajenga kromatografia ya ayoni mwaka 1975 juu ya resini za namna hiyo.

Lakini chembe hizo zina vitundu vidogo mno, molekuli ndogo zinaingia na kuchelewa kutoka, kwa hiyo vilele vinakuwa vipana kuliko vya silika. Zile laini hazitaki shinikizo kubwa, tena huvimba na kunywea ukibadilisha kiyeyusho. Haya ni madogo, yanaonekana kwa macho. Kubwa ni lile LISILOONEKANA.

Chukueni asali, bidhaa tunayoijua sote, kuanzia Tabora mpaka Oman. Kipimo cha Codex kwa asali ya maua ya kawaida kinataka sukrosi isizidi gramu 5 katika 100, na fruktosi pamoja na glukosi zisipungue 60. Maabara nyingi hupima sukari kwa resini ya polima yenye salfoneti, kwa joto la nyuzi 60 mpaka 85. Kama resini ipo katika hali ya haidrojeni, basi ni asidi kavu iliyopashwa moto! Sukrosi ikipita humo inavunjika ikawa glukosi na fruktosi, ndani ya kolamu yenyewe.

Piga hesabu. Asali ina sukrosi gramu 9, na zile nyingine mbili jumla 57. Imeanguka mara mbili. Sasa nusu ya sukrosi ivunjike njiani: inabaki 4.5, na jumla ya zile mbili inafika karibu 61.7. Imefaulu mara mbili! Mchakachuaji anapewa cheti, na mfugaji nyuki mwaminifu anashindwa bei sokoni.

Mtu atanambia, basi tumia resini ya kalsiamu. Ni kweli, ni bora, lakini asali ina asidi yake, na sampuli chafu zikipita siku nyingi kalsiamu inang'oka na haidrojeni inakaa mahali pake. Kolamu inageuka tabia pole pole. Tena hata ikiwa nzima, sukrosi na maltosi hutoka takriban pamoja. Je, kilele hicho utakisoma kwa jina la nani?

Dawa yake ni nyepesi. Kila siku ya kazi pitisha sukrosi safi peke yake. Ukiona glukosi na fruktosi zinachomoza, usiendelee. Irejeshee kolamu kalsiamu, au ibadilishe. Ripoti nayo itaje resini ipo katika hali gani na joto lilikuwa kiasi gani. Ripoti inayoandika "kolamu ya polima" halafu kimya, mie siiamini, hata iwe na mihuri mitatu.

Kifaa kinachostahamili kila kitu si lazima kiiachie salama sampuli unayokipitishia. Wenzangu mlioko maabara, sukrosi yenu safi inatokaje?