Kutoa Sehemu: Kanuni Tumepewa, Maana Tumenyimwa

Hebu tuanze na hesabu moja: 5/6 − 3/4.

Kuna jibu ambalo walimu wa hisabati wanalifahamu sana. 5 toa 3 ni 2. 6 toa 4 ni 2. Jibu ni 2/2, yaani 1.

Sasa simama hapo kidogo. Ulikuwa na kitu ambacho hata kizima hakijafika. Ukapunguza, tena si kidogo, ukapunguza robo tatu. Halafu ukabaki na kizima! Kama ni mkate, basi wewe hutanunua mwingine maisha yako yote.

Kwa kawaida jibu hilo linapigwa mkasi mwekundu, kisha mwanafunzi anakumbushwa kanuni. Ninachotaka kukuonyesha leo ni kwamba kanuni hiyo, kwa jinsi inavyotolewa, haiondoi tatizo lililozaa jibu lile. Inalifunika tu.

Kanuni zenyewe

Kama ulisoma hisabati kwa Kiswahili, unaikumbuka. Namba ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Tafuta KDS ya asili, yaani Kigawe Kidogo cha Shirika. Gawanya KDS kwa kila asili, unachopata zidisha kwa kiasi chake, kisha toa. Kwa 6 na 4, KDS ni 12. 12 gawanya kwa 6 ni 2, mara 5 ni 10. 12 gawanya kwa 4 ni 3, mara 3 ni 9. 10 toa 9 ni 1. Jibu: 1/12.

Siku hizi kanuni hii imepata mshindani, njia ya kipepeo, ambayo imejaa kwenye video za YouTube. Unazidisha kwa kukingamisha: 5 × 4 = 20, na 3 × 6 = 18. Unatoa, unapata 2. Chini unazidisha 6 × 4 = 24. Jibu ni 2/24, ukirahisisha ni 1/12. Ukizungushia mistari hizo namba unapata mbawa, na watoto wanafurahi.

Tuwe wa haki: njia zote mbili ni sahihi. Mwalimu mwenye darasa lililojaa na mtihani mlangoni ana sababu ya kuzipenda. Lakini angalia tena hatua zake. Hakuna hata moja inayojibu swali ambalo mtoto yeyote mwenye akili angeuliza: kwani kwa nini nisitoe tu juu kwa juu na chini kwa chini? Anaambiwa usifanye hivyo. Haambiwi kwa nini.

Asili ni jina

Sababu ni fupi sana. Asili haihesabu kitu. Inataja kitu. Inakwambia vipande ni vya ukubwa gani, na kiasi ndicho kinachokwambia viko vingapi. Katika 5/6, tano ni idadi, sita ni jina la kipande.

Ndiyo maana 5/8 − 2/8 haimsumbui mtu. Vipande vitano vya aina fulani, toa viwili vya aina hiyohiyo, vinabaki vitatu. Jina halibadiliki. Machungwa matano toa machungwa mawili ni machungwa matatu, hakuna anayejaribu kutoa “machungwa” kwa “machungwa”.

Na hapa ndipo lugha yetu ilipokuwa tayari kutusaidia, ila tukaiweka kando. Sokoni tunasema robo tatu. Kwenye habari za bunge tunasikia theluthi mbili. Tazama muundo: jina la kipande, kisha idadi. Kiswahili kinayo majina hayo mpaka kumi: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Kwa mtindo huohuo 5/8 ni thumuni tano, na thumuni tano toa thumuni mbili ni thumuni tatu. Mtoto wa darasa la tatu angeona.

Badala yake darasani tunasoma “tano juu ya nane”. Maneno hayo yanaeleza mahali namba zilipokaa kwenye karatasi. Hayaelezi wingi wowote. Mtoto anayesikia “juu” na “chini” kila siku ataona namba mbili zilizopangwa ghorofa, na atazitoa ghorofa kwa ghorofa. Kosa la 2/2 ni matunda ya lugha hiyo.

Kinachochekesha ni kwamba Kenya majina haya yanafundishwa, lakini kwenye kipindi cha Kiswahili, chini ya mada ya akisami. Mwanafunzi anakariri kuwa sudusi ni 1/6 ili ajibu mtihani wa lugha, kisha anaingia kipindi cha hisabati kinachofundishwa kwa Kiingereza na hakutani nayo tena.

Pale ambapo kukosea kuna gharama

Ukitaka kuona majina haya yakifanya kazi, nenda kwenye mirathi ya Kiislamu, ambayo hisa zake zilizotajwa ni nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Mtu amefariki, ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Baada ya madeni na wasia kutekelezwa, mke anapata thumuni, mama sudusi, na mtoto anachukua kinachobaki. Kinachobaki ni kutoa sehemu: 1 − 1/8 − 1/6.

Thumuni na sudusi hazina jina moja, kwa hiyo haziwezi kutolewa pamoja. Wanaogawa mirathi wanafanya nini? Wanatafuta kipande kidogo kinachoweza kujenga zote mbili. Mali inakatwa hisa 24. Thumuni ni hisa 3, sudusi ni hisa 4, zinabaki 17. Mtoto anapata 17/24. Kama ni shamba la minazi 240, mke ana 30, mama 40, mtoto 170.

Ile 24, katika elimu ya mirathi, inaitwa asili ya mas'ala. Asili! Hiyo ndiyo KDS yetu, ila hapa imekuja na kazi yake: kuwapa warithi wote kipande kimoja cha kuhesabia.

Sasa mtu akijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, 1/8 na 1/6 zinakuwa 2/14, yaani 1/7. Kwa hiyo mke na mama kwa pamoja wangepata 1/7, ambayo ni ndogo kuliko ile sudusi ya mama peke yake. Katika minazi 240, wanawake hao wawili wangepewa 34 hivi badala ya 70. Hapo hakuna mkasi mwekundu wa mwalimu, kuna watu waliopunjwa.

Na kipepeo je? Jaribu. Una sehemu tatu, na moja wapo ni 1. Mbawa unazichora wapi? Aliyeelewa anaendelea, aliyekariri picha anakwama.

Wamisri walishafika hapa

Wazo hili ni la zamani mno. Katika mafunjo ya Rhind, yaliyonakiliwa na mwandishi Ahmes karibu mwaka 1550 KK na ambayo leo yako British Museum, London, swali la 21 linataka 2/3 na 1/15 zikamilishwe mpaka 1. Yaani, zimepungua kiasi gani?

Njia yake inapita kwenye 15. Theluthi mbili za 15 ni 10, na 1/15 yake ni 1. Jumla 11. Kufika 15 bado 4. Kwa hiyo jibu ni nne ya kumi na tano, na kwa kuwa Wamisri walipendelea sehemu zenye kiasi cha 1, lilielezwa kama 1/5 na 1/15.

Umeona kitu kingine? Swali linauliza “bado ngapi kufika”. Hivyo ndivyo muuza duka wengi wanavyorudisha chenji: wanapanda kutoka bei mpaka noti uliyotoa. Njia hiyo inafaa sana kwenye namba zinazotesa watu, kama tatu na robo toa moja na theluthi mbili. Kanuni ya darasani inakwambia ukope, na wengi wanakopa kumi kwa mazoea ya namba nzima, wakati moja iliyokopwa hapa ni 12/12. Wewe panda tu: kutoka moja na theluthi mbili mpaka mbili ni theluthi, mpaka tatu ni moja zaidi, kisha robo. Jumla ni 1 na 1/3 na 1/4. Theluthi ni 4/12, robo ni 3/12. Jibu: 1 na 7/12.

Kwa nini tusiliache tu

Mwaka 1978, katika tathmini ya kitaifa ya Marekani, vijana wa miaka 13 waliulizwa wakadirie 12/13 + 7/8. Machaguo yalikuwa 1, 2, 19 na 21. Kila sehemu hapo iko karibu na 1, kwa hiyo jibu ni 2. Karibu robo tu walilichagua. Zaidi ya nusu walichagua 19 au 21. Yaani walijumlisha viasi au asili. Ni ugonjwa uleule.

Na unafuata watu mbali. Mwaka 2012 Robert Siegler na wenzake, wakitumia takwimu za Marekani na Uingereza, walionyesha kwamba ujuzi wa sehemu akiwa na miaka 10 hutabiri hisabati ya mwanafunzi sekondari, aljebra ikiwemo. Haishangazi. 1/x − 1/(x+1) ni mambo yaleyale, na pale huna KDS ya kukariri.

Kwa Tanzania kuna mzigo wa ziada. Shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Kanuni iliyokaririwa kama wimbo inabaki upande ule wa mto. Maana inavuka.

Kwa hiyo kama una mdogo wako anahangaika na sehemu, usianze na KDS. Mfanye aseme thumuni tano, robo tatu, sudusi moja. Muulize kama vipande vina jina moja. Kama havina, akate vidogo zaidi mpaka vipate. Na kabla hajaandika jibu, muulize swali moja: hiki ulichobaki nacho ni kidogo kuliko ulichoanza nacho? Akishazoea kuuliza hivyo mwenyewe, ile 2/2 ataikataa kabla mwalimu hajaiona.