Ufundi wa Kumwonya Asiyesikia

Kengele ya moto, kwa jinsi ilivyozoeleka, humchukulia kila aliyemo ndani ya jengo kuwa ni mtu mwenye masikio mazima, ingawa katika hoteli, bweni au kiwanda hukosi kumkuta kiziwi, mzee aliyepungukiwa na usikivu, au mfanyakazi aliyeziba masikio kwa sababu ya kelele za mitambo. Kwa ajili ya watu hao ipo taa ya mmweko, yaani taa inayofungwa ukutani au darini na kutoa mwanga mkali unaowaka na kuzimika kwa mpigo maalumu mara mitambo inapotambua moshi au joto la moto. Ufundi wa kuifunga taa hiyo na kuiunganishia nyaya hautajwi sana, lakini unastahili sifa kubwa, kwa kuwa haki ya kiziwi kuonywa sawa na mwenziwe husimama au huanguka kwa kutegemea kimo cha taa, urefu wa waya na kukazwa kwa skrubu.

Teknolojia ya mmweko iliitangulia haki hiyo kwa miaka mingi. Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha MIT nchini Marekani, alikamilisha mwaka 1931 taa ya mimweko ya kuchunguzia mashine zinazozunguka, lakini ilibidi viziwi na watu wengine wenye ulemavu waidai nafasi yao kwanza ndipo mwanga wa namna hiyo uwe wajibu wa mwenye jengo. Mnamo Machi 1988 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Gallaudet mjini Washington waligoma hadi wakampata I. King Jordan, rais wa kwanza kiziwi wa chuo hicho cha viziwi. Na tarehe 26 Julai 1990 sheria ya kulinda haki za Wamarekani wenye ulemavu ikatiwa saini, kisha kanuni za ujenzi za mwaka 1991 zikaagiza taa za mmweko ziambatane na ving'ora. Ulaya nayo iliandaa kiwango chake, EN 54-23, kilichotolewa mwaka 2010.

Kazi ya fundi huanzia kwenye vipimo. Kwa kanuni za Marekani, taa ya ukutani hufungwa kati ya sentimita 203 na 244 kutoka sakafuni, ili isizibwe na makabati wala isipotelee kwenye moshi unaokusanyika chini ya dari. Nguvu ya mwanga hupimwa kwa kandela, na kandela moja hukaribia nguvu ya mwanga wa mshumaa mmoja. Chumba cha mraba chenye upande wa mita 6.1 hutosheka na taa ya kandela 15, lakini upande ukiongezeka maradufu hadi mita 12.2 huhitajika kandela 60, kwa kuwa mwanga unaosafiri umbali maradufu hutawanyika juu ya eneo mara nne. Chumba cha kulala kina hesabu yake, maana macho yamefumbwa: taa iliyo chini ya dari kwa sentimita 61 au zaidi iwe ya kandela 110, na iliyo karibu zaidi na dari iwe ya kandela 177, ili mwanga wake upenye moshi.

Mpigo nao una sheria. Taa humweka mara moja hadi mbili kwa sekunde, na zikionekana zaidi ya mbili kutoka mahali pamoja ni lazima zimweke kwa wakati mmoja, kwa sababu mimweko inayopishana hujumlika machoni ikawa ya kasi, na mwanga wa kasi hiyo unaweza kumwamshia kifafa mtu ambaye ubongo wake hauuhimili. Hapa ndipo utu wa ufundi huu unapodhihirika, kwamba onyo la kumwokoa mmoja halipaswi kumdhuru mwingine.

Hata hivyo, sehemu iliyo ngumu kuliko zote imefichwa ndani ya kuta. Taa hupokea umeme wa volti 24 kwa nyaya mbili kutoka kwenye paneli, yaani kabati linaloongoza mfumo mzima, na mwishoni mwa nyaya hizo hufungwa rezista, kifaa kidogo kinachozuia umeme usipite kwa wingi. Siku zote za amani paneli hupitisha mkondo hafifu hadi kwenye rezista hiyo na kuupokea ukirudi, na waya ukikatika popote mkondo hukoma, nayo paneli hutangaza hitilafu. Moto unapotokea, paneli hugeuza chanya kuwa hasi, na taa ambazo dayodi zake, yaani vipitishio vya umeme vya upande mmoja tu, ziliuzuia mkondo wa awali huanza kumweka. Ndiyo maana fundi mwaminifu, akifika kwenye taa, huukata waya, akamenya ncha zote mbili na kukaza kila moja chini ya skrubu yake. Angeweza kumenya katikati tu na kuuzungusha waya mzima chini ya skrubu moja, na taa ingewaka siku ya majaribio. Lakini waya huo ukichomoka baadaye, mkondo ungeendelea kupita hadi mwisho na paneli isingejua kamwe kwamba chumba kimoja kimebaki bila onyo.

Kisha kuna hesabu ya volti, ambayo fundi huifanya akidhania kwamba umeme wa gridi umekatika na betri imechoka hadi volti 20.4. Taa ya kawaida ya aina hii huhitaji angalau volti 16. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ukienda mita 100 na kurudi, una ukinzani wa takribani omu 2.4, taa zilizo mwisho wa waya zikivuta ampea 1 hupotea volti 2.4, na zinazobaki zinatosha, bali zikivuta ampea 2 hupotea karibu volti 4.8, na taa hizo huangukia chini ya kiwango. Aliyepima siku gridi ilipokuwa na nguvu asingeona kasoro yoyote.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kupata habari, na hakuna habari iliyo ya haraka kuliko ile ya moto. Haki kama hiyo huandikwa na wanasheria, lakini ndani ya jengo hutekelezwa na fundi umeme, na kwa hiyo ufundi huu unafaa kufundishwa vyuoni kwa uzito wake kamili, mwanafunzi akizoezwa tangu siku ya kwanza kuanza hesabu yake kwenye taa ya mwisho, betri ikiwa imechoka, kwa ajili ya mtu aliyelala.