Junicode: Sura ya Herufi na Uhai wa Maandishi

Fonti ya Junicode, iliyobuniwa na Peter S. Baker, mtaalamu wa Kiingereza cha Kale, hutolewa bure kwa wachunguzi wa maandishi ya Enzi za Kati. Jina lake lamkumbuka Franciscus Junius (1591–1677), aliyechongesha herufi za Kianglo-Saksoni na kuurithisha Chuo Kikuu cha Oxford. Umbo lake lafuata chapa za kitabu cha George Hickes cha 1703–1705.

Uzuri wake hauna ubishi: þ na ð hukaa kando ya a na b bila kuonekana wageni. Hata hivyo, uzuri pekee hautoshi. Baadhi ya alama za waandishi wa kale hazimo katika Unicode rasmi. Ziliwekwa katika eneo la matumizi binafsi kwa mapatano ya kundi la MUFI, lililoanzishwa mwaka 2001. Maandishi hayo yakifunguliwa kwa fonti isiyofuata mapatano hayo, alama hugeuka kisanduku kitupu.

Hapo ndipo toleo la pili linapostahili sifa zaidi: huwezesha herufi ya kawaida kubaki ndani ya maandishi, ikabadilika sura tu, nalo neno likaendelea kutafutika. Mhariri anayewajali wasomaji wa kesho na afuate njia hiyo, ijapokuwa ile ya kwanza ni nyepesi.